Kishingo wa Mwisho wa Bibi Sekela

Sogeeni. Mwenye mahindi ya kupukuchua aendelee kupukuchua, na mwenye mtoto wa kunyonyesha anyonyeshe, maana hadithi hii haina kazi na mikono yenu. Inataka masikio kwanza, na mwishoni itataka hukumu, kwa kuwa mimi niliyeileta nimeshindwa kuihukumu.

Upande wa Rungwe, kwenye mgongo wa mlima ambako mvua hainyeshi kwa ratiba na asubuhi watu huongea huku mvuke ukiwatoka midomoni, waliishi watu watatu wenye vipaji visivyofanana.

Wa kwanza ni Subilaga, mjane wa mtoto mkubwa wa Bibi Sekela. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alijua maji yameanza kuchemka jikoni akiwa bado uani, na mara mbili aliwaambia majirani kwamba mtoto wao ana homa kwa kumsikia tu akipumua mgongoni kwa mama yake.

Wa pili ni Lugano, binti wa mwisho wa Bibi Sekela, ambaye alikuwa hajaolewa. Kipaji chake kilikuwa utulivu. Akishika jambo alikaa nalo kutwa nzima bila kuguna wala kutazama jua limefika wapi.

Wa tatu ni fundi Ambakisye, mshona viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alitia uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja. Lakini huyu na Bibi Sekela walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili sasa, tangu kuku wa bibi walipofukua maharage yake yote yaliyokuwa yameanza kuchipua.

Kuku hao walikuwa vishingo, wale wenye shingo tupu, nyekundu, isiyo na unyoya. Mama yake Bibi Sekela alimpa mitetea miwili na jogoo siku alipoolewa, naye kwa miaka arobaini hakuacha kizazi kile kikatike. Mume alizikwa, mtoto mkubwa akazikwa, kuku wakaendelea. Bibi alipowataja alisema, "watu wangu wa nyumbani."

Mwaka huo kikaja kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Kiliingia na kuku mmoja aliyeletwa zawadi kutoka kijiji cha pili, na ndani ya siku nane banda la Bibi Sekela lilibaki na manyoya tu. Alipona mtetea mmoja, kwa sababu alikuwa ameatamia jikoni, mbali na wenzake, juu ya mayai tisa.

Wakati huohuo macho ya bibi yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mwanawe Gwakisa, anayeishi Mbeya mjini, alikuwa amempangia siku ya upasuaji, akaja kumchukua. Bibi hakutaka kwenda. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa nguo, akaita watu wa nyumba, na jirani akiwa upande wa pili wa ua akasikia pia.

"Nikirudi nikakuta kizazi hiki kiko hai, hata kwa kuku mmoja," alisema, "aliyekiponya ndiye mwenye kuku. Nitampa na banda. Na maneno haya sitayageuza."

Basi akaenda.

Siku ya tatu mtetea alitoka asubuhi kunywa maji, kicheche akamnyakua. Hakuna aliyeona. Lugano alikuwa shambani kwenye chai, aliporudi mchana alikuta manyoya kando ya mtungi na mayai yamepoa kama mawe ya mtoni. Alihesabu siku kwenye vidole: ilikuwa imebaki siku moja yatotolewe. Alikaa chini akalia, kisha akaona ni heri mama yake asikute hata alama. Akayakusanya kwenye ungo, akayapeleka kwenye shimo la taka.

Hapo ndipo alipopita Subilaga na mzigo wa kuni. Lugano alikuwa ameshatupa matano, na yote matano yalikuwa yamepasuka. Subilaga alisimama. Alimwambia wifi yake asitupe tena. Lugano alimwambia mayai yamekufa, ayashike mwenyewe aone yalivyo baridi. Subilaga akatua kuni, akachukua yai mojamoja na kuliweka sikioni. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu alilishikilia muda mrefu hata Lugano akaanza kukasirika.

"Kuna mtu humu," alisema Subilaga.

Lugano alipoweka sikio lake hakusikia kitu. La nne nalo lilikuwa kimya. Lakini lile la tatu walilifunga kwenye kitambaa kilichopashwa moto, na kesho yake ganda likapata ufa mdogo, mdomo ukaonekana, na sauti hata Lugano akaisikia. Halafu sauti ikaanza kupungua. Ilipofika saa tisa alasiri ilikuwa imekatika. Lugano alisema wasubiri, mama yake siku zote alikataza kumtoa kifaranga kwa mikono, kwamba atoke mwenyewe. Subilaga alisema anachokisikia ni mtu anayeishiwa pumzi. Akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akabandua ganda kipande kwa kipande, mpaka kifaranga kikamwangukia kiganjani, kilegelege, macho yamefumba, shingo tupu kama uzi mwekundu.

Hicho ndicho alichofanya Subilaga. Akarudi kwake, maana alikuwa na watoto wanaomsubiri.

Sasa kifaranga kile hakikuwa na mama wa kukilalia, na baridi ya kule mnaijua au mmeisikia. Lugano akakiingiza kifuani, ndani ya blauzi, akajifunga kitenge juu yake. Alikaa hivyo siku tisa. Hakwenda kwenye chai. Alipika amekiweka kifuani, alifua amekiweka kifuani, na kulala alilala ameegemea ukuta ili asikilalie. Kila baada ya muda mfupi alikitia tone la maji mdomoni kwa ncha ya kidole, na kiini cha yai la kuchemsha kidogo sana, kama punje ya mtama.

Siku ya nne walikuja watu wa posa. Lugano alikuwa na mchumba huko Kyela, na siku ile ilikuwa imepangwa miezi miwili nyuma, hata upasuaji wa bibi haukuisogeza, kwa kuwa baba mdogo wa Lugano ndiye aliyekuwa akipokea. Shangazi yake mchumba aliketi mbele ya binti, wakanywa chai, mazungumzo yakaenda vizuri. Kisha kifua cha Lugano kikalia. Shangazi akauliza ni nini kile. Lugano akafungua kitenge kidogo, akaeleza kwa upole kwamba ni kifaranga cha mama, na kwamba hakina mtu mwingine. Baba mdogo alimwomba akakiweke jikoni mara moja mpaka wageni waondoke. Lugano alijibu kwamba jikoni kuna baridi.

Wageni walimaliza chai yao. Walisema watatuma neno.

Mnaweza kusema binti alikosa adabu, na wapo waliosema hivyo. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa siku zile nne alikuwa amezoea kuhisi moyo wa kile kitu ukidunda juu ya wake, na alijua akikitoa utasimama. Hakuwa anashindana na mtu.

Hicho ndicho alichofanya Lugano.

Lakini kila alipokiweka chini kifaranga kile, aliona miguu yake inakwenda pembeni, mmoja kulia mwingine kushoto, kama mtu aliyeteleza kwenye tope. Alikuwa anakilisha ndani ya beseni la plastiki, nalo lilikuwa linateleza, basi kila siku miguu ilizidi kutanuka. Kifaranga kisichosimama hakidonoi, na kisichodonoa hata kikipata joto hakifiki mbali. Lugano hakujua la kufanya. Alikitazama tu.

Habari ya binti aliyekaa na kifaranga mbele ya wakwe ilizunguka kijiji kizima siku hiyohiyo, ikafika kwa fundi Ambakisye. Kesho yake alikuja mpaka mlangoni. Hakubisha hodi kama jirani, hakusalimu. Alisema, "Nionyeshe miguu yake."

Alikishika, akakigeuza, akapapasa nyonga kwa kidole gumba. Akarudi kwake, akaja na kipande cha ngozi laini, chembamba kuliko kamba ya kiatu cha mtoto, akafunga miguu yote miwili kwa nafasi ya upana wa kidole, isiende mbali wala isikutane. Beseni akalitoa nje, akatandika gunia. Kila asubuhi kwa siku tano alikuja, akafungua, akanyoosha, akafunga upya, kwa sababu miguu ilikuwa inakua na fundo la jana lingeibana. Siku ya sita alifungua akakiachia. Kifaranga kikayumba, kikakaa, kikasimama, kikadonoa chenga za mahindi kwenye gunia.

Hicho ndicho alichofanya Ambakisye. Akarudi kwenye viatu vyake.

Bibi Sekela alikaa Mbeya kwa mwanawe muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, jicho la kwanza, kisha la pili. Aliporudi, zaidi ya miezi miwili ilikuwa imepita. Alimkuta uani kijogoo mwenye upanga wa kichwani unaoanza kuwa mwekundu na shingo tupu iliyosimama. Hakuamini macho yake mapya. Akamkamata, akafumba macho, akapapasa shingo kwa vidole kama alivyokuwa akifanya zamani. Ndipo akalia.

Kesho yake akawaita wote watatu, na Gwakisa akiwepo. Alisema anahamia Mbeya, Jumamosi ataondoka, na kabla hajaondoka anataka kutimiza alilosema. Akauliza ni nani aliyekiponya kizazi chake.

Mwanzoni kila mmoja alimtaja mwenzake. Subilaga alisema ni Lugano. Lugano alisema ni fundi. Fundi alisema yeye alifunga kamba tu. Ilikuwa vizuri kuwasikia. Bibi akafurahi, akasema basi kwa kuwa Lugano ndiye aliyekaa nacho muda mrefu na kupata hasara kubwa, kwani mpaka leo neno kutoka Kyela halijaja, kijogoo ni wake.

Subilaga akainamisha uso. Alipoulizwa, alisema hana neno, ila tu wakumbuke kwamba yai lile lilikuwa mkononi mwa Lugano likielekea shimoni.

Bibi akaona ni kweli. Akasema, kama ni hivyo, apewe Subilaga, kwa maana asiyesikilizwa huzikwa akiwa hai. Fundi Ambakisye akakohoa. Alisema hataki ugomvi, lakini mtu wa kuku yeyote anajua kifaranga kinachotolewa kwa mikono kabla ya wakati wake huzaliwa legevu. Subilaga akamjibu kwamba asingekitoa, fundi angenyoosha miguu ya nani? Fundi akakiri hilo nalo ni kweli.

Bibi akasema basi apewe fundi, ambaye hakuwa ndugu wala hakuwa na deni la wema kwa nyumba hii, naye alikuja akiwa na kinyongo na bado akasaidia. Hapo Lugano, yule mtulivu, ndiye aliyesema, tena taratibu, kwamba fundi alikuja siku ya tano, na kwa siku nne kabla yake kilichokuwa kinapumua kilikuwa kinapumulia kifuani kwake. Fundi akasema ni kweli, ila miguu iliharibikia kwenye beseni la nani?

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Lingekuwepo la uongo hata moja, bibi angelishika.

Gwakisa akashauri wangoje wagawane mayai. Wakamtazama mpaka akakumbuka kwamba jogoo hatagi. Akashauri basi azunguke, mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule. Bibi akakataa kabisa: kideri kiliingia kwa kuku wa kuhamishwa nyumba hadi nyumba, naye hatampeleka wa mwisho kwa njia ileile. Akashauri waachiwe wote watatu banda hapohapo. Subilaga akauliza, siku jogoo akiumwa nani ataamua atibiwe vipi, aliyesema asubiri au aliyesema asisubiri?

Mwishowe wakamweka kijogoo katikati ya ua, wao wakasimama pembe tatu, achague mwenyewe. Akajikung'uta, akawapita wote, akaenda jalalani kufukua.

Bibi Sekela akakaa juu ya kigoda. "Nimefunguliwa macho mjini," alisema, "na hili bado silioni."

Hadithi hii nimeshaisimulia mara kadhaa. Kina mama huniambia ni Lugano, kisha mmoja wao husema subiri kwanza, wakaanza kubishana. Mafundi husema ni fundi. Waliowahi kupoteza mtoto wakati wa kujifungua husema ni Subilaga, na husema kwa sauti ambayo siwezi kuijibu. Mimi kila nikiifikia hapa huwa na jibu, na nikiisimulia tena huwa na jingine.

Basi Jumamosi imefika, mtazameni bibi tena pale kwenye kigoda. Kijogoo amerudishwa, amefunikwa kwa tenga. Mzigo umeshapakiwa, Gwakisa anatazama saa, na watu watatu wamesimama mbele yake bila mmoja kudanganya. Anapaswa kuinua tenga na kumkabidhi mtu mmoja.

Je, wewe ungeamua vipi?