Mkunjo Usiopita Langoni

Hapo zamani, siku ya Jumatano, siku ya tisa ya mwezi wa Mfunguo Tano, saa mbili na robo asubuhi, Sultani wa Mtambweni alikaa barazani kuamua mkunjo upi, yaani namna ipi ya kukunja picha, utumike katika mji wake. Picha zote za mji huo zilichorwa kwenye karatasi, zikakunjwa, zikapitishwa katika lango moja. Na lango hilo lilikuwa la tajiri Bwana Nasibu, ambaye, kwa bahati njema mno, naye alikuwa na mkunjo wake.

Basi fukara mmoja, Chuwi bin Haji, alikuwa amebuni mkunjo mdogo usioacha kovu katika picha, akaufundisha bure. Bwana Nasibu akawaamuru mabawabu wake waurudishe kila ufikapo, kisha akaja barazani kwa unyenyekevu mkubwa.

"Maulana, tumechunguza mwaka mzima. Mkunjo wa Chuwi haujapita langoni hata mara moja. Hautakiwi na mtu. Naomba upigwe marufuku, kwa huruma tu."

"Hautakiwi, bwana, au haupitishwi?" akauliza Chuwi.

"Yote mamoja."

Sultani, ambaye juzi tu alitunukiwa zulia na Bwana Nasibu, akasema, "Ewe Chuwi, hadi saa saba unionyeshe mtu atakaye kitu kisichopita mlangoni. Ukishindwa, utauhama mji."

"Nimesikia na kutii, Maulana. Naomba tu niwe bawabu wa chumba chako cha chakula hadi saa hiyo."

Akakubaliwa. Ikawa kila mpishi aletaye sahani, Chuwi humwambia, "Ya duara? Hapa zapita za pembe nne tu," akamrudisha, na jumba zima halikuwa na sahani ya pembe nne.

Ilipofika saa saba Sultani akanguruma, "Chakula changu ki wapi?"

"Maulana, nimechunguza kwa uaminifu. Hakuna sahani iliyopita mlango huu. Ni dhahiri Maulana hana njaa."

"Nina njaa, mwendawazimu we!"

"Basi mtu mwenyewe ndiye huyu."

Sultani akacheka huku tumbo likimlia. Akamgeukia tajiri: "Nawe, Bwana Nasibu, una njaa?"

"Sana, Maulana."

"Haiwezekani. Hujala."

Akaamuru mikunjo yote ipite langoni. Wako wasemao Bwana Nasibu alinyang'anywa lango. Si kweli, aliachiwa, tena akashukuriwa hadharani kwa ukarimu wake wa kupokea mikunjo ya watu. Wasemao Chuwi alipewa nyumba wamezidisha: alipewa sahani ya pilau, ya duara. Na wasemao alikula saa saba kamili hukosea. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini, maana pilau ilikuwa imekwisha kupoa, ikabidi ipashwe moto kwanza.