Nungunungu na Meno ya Mamake Papa

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa ya kuvuta shuka siipokei. Kibwana, kaa vizuri. Mwanakombo, acha kumfinya mwenzio. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja. Nawaambia mapema, hadithi ya leo si ya kucheka. Anayetaka ya kucheka amngoje babu yake arudi.

Hapo zamani za kale, zamani sana, bahari ilifika mpaka huku juu tunapolima mihogo. Palikuwa na mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, hori baada ya hori, yote yana mikoko, yote yana matope, yote yanafanana. Na baharini alikuwako Papa, mwanamke, ana mimba yake ya kwanza.

Sasa papa, mnajua, hana mfupa. Akifa, nyama inaliwa, gegedu inaoza, hakibaki kitu. Yanabaki meno tu. Kwa hiyo akina mama papa walikuwa na desturi yao. Lilikuwako hori moja la kuzalia, maji yake tulivu, adui haingii. Kila mama aliyezaa humo aliangusha meno kwenye matope ya mlangoni. Binti akipata mimba, anayafuata meno ya mama yake. Akiyaona, anajua ndipo hapa.

Nchi kavu aliishi Nungunungu. Huyu bwana kazi yake ilikuwa kuokota. Mfupa wa paa, pembe ya nyati, gamba la kobe, vyote shimoni kwake. Mmeiona ile nyumba ya makumbusho mliyopelekwa na mwalimu, vitu vimepangwa kwenye makabati ya vioo? Basi shimo la Nungunungu ndivyo lilivyokuwa, kasoro vioo. Wanyama walitoka mbali kuja kutazama, na yeye alipenda kutazamiwa vitu vyake, alipenda mno.

Siku moja maji yalikupwa sana. Nungunungu akashuka matopeni, akayaona meno yanang'aa. Akaokota, akaokota, akaokota. Akayabeba nyumbani, akayaosha, akayapanga, makubwa na makubwa, madogo na madogo. Yalipendeza, siwezi kumnyima haki yake. Lakini kule alikoyatoa hakuweka hata kijiti cha alama. Aliondoka zake anapiga mluzi.

Miezi ikaenda. Tumbo la Papa likawa zito. Akapita hori hili, akapita hori lile, haoni jino hata moja. Akaimba:

*Meno ya mama, mko wapi?*
*Hori la mama, ndilo lipi?*
*Tumbo zito, njia sina,*
*Meno ya mama, niiteni.*

Nguva, jirani yake, mama mtu mzima, akamsikia akamhurumia. "Mwanangu, zalia hapa kwangu, kwenye majani ya bahari. Sikudanganyi, si pazuri sana. Lakini wawili watatu watapona."

"Ahsante, mama," akasema Papa. "Lakini kwenye hori la mama yangu wanapona wote. Ngoja niulize kwanza. Nikikosa, nitarudi kwako."

Akamtuma Kenge, maana Kenge ana miguu na maji anayajua. Kenge alikuwa ameshasikia sifa za vitu vya Nungunungu, akapanda mpaka shimoni kwake, akayakuta meno yamepangwa mstari kwa mstari.

"Bwana Nungunungu, haya uliyatoa hori gani? Mwenyewe ana mimba, anahangaika."

Nungunungu akageuza jino moja, akageuza jingine. Hakumbuki. Na wageni wamejaa mlangoni, wote wanamtazama yeye. Mkubwa kama yeye aseme hajui? Akasimamisha miiba yake. "Hori la Chaza. Mbona linajulikana."

Papa akaenda Hori la Chaza, anaimba wimbo wake. *Meno ya mama, niiteni.* Mlangoni akawakuta samaki chewa, midomo wazi, wanangoja watoto wa watu. Akageuka mbio.

Kenge akarudi. "Bwana, silo."

"Aa, nilichanganya. Ni Hori la Kaa."

Papa akaenda Hori la Kaa, anaimba wimbo wake. *Meno ya mama, niiteni.* Njia ilikuwa nyembamba, mawe makali yakamchana tumbo. Akatoka anavuja damu, na uchungu wa uzazi umeanza.

Kenge akarudi mara ya tatu, anahema. Safari hii alisema kwa upole. "Ndugu yangu, mwenzetu uchungu umemshika. Kama hujui, sema hujui. Nguva amemwekea nafasi, atazaa kule. Wewe hutapungukiwa na kitu."

Mnasikia? Alifunguliwa mlango apite. Neno moja tu. Nungunungu akawatazama wageni wake, akayatazama meno yake.

"Hori la Pweza," akasema. "Naapa kwa miiba yangu."

Papa akaingia Hori la Pweza. Maji tulivu. Hakuna chewa, hakuna mawe. Meno hakuyaona, lakini kiapo alikisikia, na tumbo halikumpa nafasi ya kufikiri. Akazaa humo. Watoto wazuri, wepesi, kila mmoja na mkia wake. Akatoka nje kidogo atafute chochote cha kutia tumboni.

Kumbe humo maji yakipwa, yanakupwa yote. Yakatoka, yakatoka, yakaisha. Papa aliporudi alikuta matope. Ng'ambo ya matope watoto wake walikuwa wanapiga mikia, naye hana mguu wa kuwafikia. Alisikia mikia ile ikipiga, kisha mmojammoja, kisha kimya. Maji yalipojaa tena hayakuwa na kazi.

Hakuimba. Alipita mbele ya Nguva, na Nguva hakumwita.

Kenge alipofikisha msiba, Nungunungu alilia. Alilia kweli, tusimsingizie. Akayazoa meno yote, ile mistari yake yote akaivuruga, akayamwaga miguuni kwa Kenge. "Mrudishie. Chukua yote, mrudishie."

Kenge akayatazama. "Nikayaweke wapi?"

Akaondoka, na wageni wakaondoka nyuma yake.

Tangu siku hiyo papa akizaa huondoka zake, hageuki nyuma, hataki kuona. Lakini meno anayaangusha popote aendapo, maisha yake yote, pengine binti mmoja atayakuta. Na Nungunungu bado anaokota mifupa. Ukimsikia shimoni anaitafuna, kru, kru, usidhani ni njaa. Anaibembeleza iseme ilitoka wapi. Haijasema.

Bahari ikarudi chini, shimo likaporomoka, meno yakawa mawe. Watu wenye brashi na vijembe vidogo wakija kuchimba huku kwenye mihogo, watayakuta, watashika viuno waulizane: papa huyu alipandaje kilima? Wewe Kibwana, ukiwa mmoja wao siku hiyo, usiyaguse kwanza. Weka kijiti. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama tumekaa wote tunakutazama.

Funzo lake ndilo hilo. Kitu usikiondoe mahali pake kabla hujajua kinafanya nini pale. Na kusema sijui hakujamuua mtu, bali kujifanya unajua kuliwaua watoto wa Papa, na wao hawakuwa wamemkosea Nungunungu lolote.

Hadithi yangu naitua hapa. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi, nimeizoea.