Jiwe la Yemima

Hapo zamani (na nisikilizeni vizuri, maana hii kila nikiisimulia damu inanichemka) katika vilima vya Israeli aliishi mjane Yemima na mwanawe wa pekee, Asieli. Asieli alikwenda vitani na mfalme Elidadi. Hakurudi. Hata nusu ya jeshi haikurudi.

Desturi ya huko, mfalme haendi vitani mpaka nabii wa ikulu ampe neno la Mungu. Na nabii akisema uongo kwa jina la Mungu, hupigwa mawe, na aliyefiwa ndiye anayeanza. Basi wazee wakamwita Yemima langoni pa mji, mbele ya mfalme na jemadari wake, wakamtia jiwe mkononi.

"Nabii Amaria huyo hapo. Alisema tutashinda. Haya, mama, anza."

"Ngojeni kwanza!" Yemima akafoka. "Amaria, ushindi uliuona kweli?"

"Sikuuona. Niliona maiti."

"Ala! Ukanyamaza?"

"Mwaka jana nilimwambia mfalme ukweli, akanitupa kisimani. Siku arobaini nilikaa kwenye matope. Safari hii aliniuliza ameshavaa deraya, vazi lake la vita. Niliogopa, mama."

Yemima akamgeukia mfalme. "Na wewe, bwana wangu?"

"Mimi nina kosa gani? Niliuliza, nikajibiwa, nikatii."

"Uliuliza! Umtie mtu kisimani kwa kusema kweli, halafu uje umuulize?"

Jemadari Shafati naye akadakia, "Mimi adui niliwaona kwa macho yangu, walituzidi mara tatu. Lakini neno la Mungu likishatoka, mimi ni nani nilipinge?"

"Macho unayo, ulimi unao, ukawapeleka watoto wa watu wakafe! Huna hata haya!"

Hapo Amaria akasema polepole, "Mama, siku nilipotolewa kisimani, watu walinizomea hapa hapa. Walisema nawakatisha wanaume tamaa. Na wewe ulikuwemo."

Yemima akalitazama jiwe mkononi mwake. Machozi yakamtoka, lakini hakukana.

"Nilikuwemo," akasema. "Na mimi nimempoteza Asieli. Hawa wamepoteza nini?"

Mzee mmoja akasema, "Sheria inakupa jiwe moja tu, mama. Rusha."

Yemima akainua mkono.

Haya, ninyi mliokaa hapo, msiinamishe vichwa. Nabii, mfalme, jemadari, au wale waliozomea: je, jiwe lile lilimstahili nani?