Somo wa Mtoto wa Redempta

Hapo zamani, si zamani ya babu bali ya juzijuzi, kwa kuwa kompyuta zilikwisha kufika, Redempta Kapinga alilazwa katika kituo cha afya cha misheni ya Litembwe. Alingoja kupasuliwa siku ya Alhamisi ili mtoto atoke. Katika uzazi wa kwanza dawa ya usingizi nusura imuue, na jina la dawa hiyo hakulijua. Lilikuwa kwenye faili lake, na faili lilikuwa kwenye kompyuta ya mapokezi.

Karani wa mapokezi alikuwa Gaudensia. Jumatatu asubuhi ikaingia barua kwenye kompyuta yake, ya mwaliko wa semina, imeanza na “Tumsifu Yesu Kristo.” Gaudensia, kama tulivyolelewa, akaitikia kwa sauti, “Milele na milele, amina,” akafungua kiambatisho. Msimcheke. Hata mimi salamu hiyo imeshanifanya nimfungulie mlango mtu nisiyemuuliza atokako.

Semina haikuwamo. Kilikuwamo kirusi. Kikashika faili moja, kikalitia kufuli. Kikashika la pili, kikalitia kufuli. Kikashika la tatu, kisha kikaanza kufuata waya kwenda kompyuta nyingine. Kwenye kioo yakatokea maneno: lipeni kabla ya Alhamisi adhuhuri mpewe ufunguo, la sivyo mafaili basi tena.

Gaudensia angeweza kunyamaza. Akatoka mbio hadi uani, akasema mbele ya watu, “Ni mimi. Nimefungua barua mbaya, inakula mafaili.”

Bosko, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa anaosha gari. Akatupa kitambaa, akaingia, akang'oa nyaya zote za mtandao. Kompyuta ya wodi ya wazazi ikapona, na ndani yake vipimo vya Redempta vya Jumapili, vinavyoonyesha damu imepungua.

Mkuu wa kituo alikuwa Sista Kordula, bibi wa miaka sabini. Kila Jumamosi alinakili mafaili yote kwenye diski, akaichomoa, akaifungia kwenye kopo la biskuti. Walimwita Sista Kopo. Siku ile Bosko ndiye aliyesema, “Lete kopo, Sista, tuichomeke diski sasa hivi.”

“Shuka safi haitandikwi juu ya kunguni, mwanangu. Kitanda kwanza.”

Akaita fundi wa kusafisha kompyuta. Ditriki, mume wa Redempta, alitaka kuuza ng'ombe ili walipe. Sista akampeleka polisi, wakaambiwa kwamba anayelipa hana hakika ya ufunguo, na mwizi hurudi kwenye nyumba inayolipa. Ile barua wasiifute, ni ushahidi.

Jumatano jioni fundi akamaliza. Diski ikachomekwa, jina la dawa likaonekana. Alhamisi daktari akatumia dawa nyingine, damu ya kuongeza ikiwa tayari. Akazaliwa msichana, mama na mwana wazima.

Sasa kwao Ditriki, mtoto aliyeokolewa hupewa jina la aliyemwokoa, wawe masomo, watu wa jina moja, maisha yote. Jina ni moja, halikatwi vipande. Akawauliza wote watatu, Sista, Bosko na Gaudensia, ni nani aliyemwokoa mtoto.

Sista Kordula akasema kwamba bila diski yake ile dawa ingebaki fumbo, na kopo walilicheka wao wenyewe.

Bosko akasema diski ilikuwa ya Jumamosi; vipimo vya Jumapili viliokolewa na mkono wake. “Mwiteni Boska. Atazoea.”

“Mimi ndiye niliyemfungulia mwizi,” akasema Gaudensia. “Lakini Bosko angeng'oa nini, kama nisingesema?”

Kidonda cha Redempta kilipopona, Jumapili moja wakafika kanisani kumbatiza mtoto. Padri akashika chombo cha maji, akamtazama Redempta, akauliza kama aulizavyo kila mzazi. Redempta akawageukia wale watatu, waliosimama benchi moja, kisha akamtazama mtoto. Maji yanangoja. Nawauliza nyinyi, kwa maneno ya padri:

Mtoto huyu mnampa jina gani?