Nyati Aliyetaka Mtikiso Wote

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mji!

Mji wa nani?

Wako wewe, tupeleke!

Haya, twendeni, na anayesinzia abaki nje. Mji wenyewe ulikuwa ndani ya chembe moja ya rangi, na chembe iko ndani ya jani la mhina, lile mnalosaga kwa ajili ya harusi. Wasomi huuita molekuli. Mimi nauita mji, kwa sababu una wakazi na una majungu.

Wakazi wake walikuwa wanyama, na kila mnyama alifungwa kwa jirani yake kwa kamba inayovutika. Akitikisika mmoja, kamba humpelekea jirani ule mtikiso, mradi miendo yao ipatane. Isipopatana, mtikiso hubaki ulipo. Ndiyo sheria ya mji ule, na hakuna aliyewahi kuihonga.

Nyati alikuwa mwenye nguvu kuliko wote, na choyo chake kilimzidi ukubwa. Upande mmoja alifungwa kwa Kobe, na Kobe kwa Kanga, na Kanga kwa Kima. Upande wa pili, pembeni kabisa mwa mji, alining'inia Sange, yule panya wa msituni mwenye pua ndefu, na wanawe wachanga mgongoni. Sange hakuwa na kamba nyingine ila ile ya Nyati.

Asubuhi moja jua likaupiga mji, pwaa! Mji mzima ukarushwa juu, kama mtu aliyepandishwa ghorofani. Huko juu raha tupu, kila kitu kinang'aa, lakini kamba zake hulegea, si imara kama za chini. Na mtikiso uliokuja na jua wote ukamwangukia Nyati.

Nyati akatangaza kuwa ni wake peke yake. Angeruka mpaka akate kamba ya Sange, kisha aondoke na mtikiso wake, akawe mji yeye mwenyewe. Sange na wanawe? Hilo halikumhusu, utupu wa nje ya mji ni mkubwa, utawatosha.

Nyati akaruka, du! Kamba ikalia, nyiii. Sange akawashika wanawe.

Nyati akaruka, du! Kamba ikalia, nyiii. Sange akawashika wanawe, na safari hii akaona uzi mmoja umekatika.

Akambembeleza, akamlilia, akamtajia ujirani. Nyati akamwambia kila mtu na bahati yake. Maskini mama wa watu, akajua kilio hakisaidii kitu. Akafuta machozi, akatega masikio. Akasikia kwamba Nyati huenda kasi mno, ndiyo maana hakuna jirani anayepatana naye. Lakini akiruka mara mbili, Kobe huyumba mara moja. Mbili za Nyati, moja ya Kobe: wakipangiwa zamu, miendo itapatana. Sange nusura acheke kwa sauti.

"Bwana mkubwa," akasema, "waruka vizuri kupita kiasi. Ila ngoma bila waitikiaji, watu watasema umepandwa na wazimu."

Nyati akageuza shingo. "Waitikiaji?"

"Wewe ruka mara mbili, Kobe aitikie mara moja. Mtikiso usimpe. Aitikie tu."

Sifa, jamani! Nyati angeuza pembe zake kwa sifa. Akakubali papo hapo.

Nyati akaruka, du-du! Kobe akayumba, "Ndiyo, bwana!" Kamba ikalia, nyii.

Nyati akaruka, du-du! Kobe akayumba zaidi, "Ndiyo, bwana!" Kamba ikalia, nyi.

Mmewahi kusukuma bembea? Ukiipata wakati wake, kidole kinatosha. Basi kila Kobe alipoitikia, mtikiso ulipenya kidogo ukahamia kwake. Na Kobe na Kanga mwendo wao ni mmoja, kwa hiyo haukukaa hata kwa Kobe. Nyati hana habari, masikio yamejaa sifa. Akalalamika kuwa sauti ni chache, akadai Kanga naye aitikie, akadai Kima naye. Sange akamwunga mkono kwa moyo wote.

Mji mzima ukawa unatetema, tiki-tiki, tiki-tiki, kila mmoja na mtikiso wake mdogo. Joto likaenea, Kanga akapanua mbawa. Nyati akajikusanya aruke mruko wa mwisho wa kukata kamba. Tu! Kwato hata hazikunyanyuka.

Akaudai mtikiso wake kwa Kobe. Kobe akasema ushakwenda kwa Kanga. Kanga akasema uko kwa Kima. Kima akajipapasa, akasema ulikuwa hapa sasa hivi.

"Nani kaniibia?" Nyati akauliza.

"Hakuna mwizi, bwana mkubwa," Sange akasema. "Umeugawa mwenyewe, kwa kila ndiyo."

Kamba ikabaki nzima, kasoro ule uzi mmoja. Kitetemo kidogo kikaipitia, na watoto wa Sange wakapata usingizi, wakibembelezwa na mtikiso uleule uliotaka kuwatupa.

Funzo lake, ukimwuliza Nyati, ni hili, wanangu: ukiwa na kitu, kikalie, usigawe, maana mnaona kugawa kulivyomtia aibu Nyati. Na wadogo wasiwape wakubwa ushauri, hauna faida yoyote.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake mmeimeza, chungu yake mwachieni Nyati.