Wembe Ulioibwa Mbele ya Macho ya Sultani

Hapo zamani, kabla babu wa babu yako hajapewa jina, mji wa Pangwe ulikuwa na mtawala aitwaye Sultani Haidari. Kisa chake wengi hukisimulia, na wengi hukiharibu. Mimi nakueleza kilivyokuwa.

Basi Sultani huyu alipiga mbiu: kila fundi alete kibaba cha mtama kila siku ya soko, na chombo chake cha kazi kikiibwa au kikivunjika, Sultani atampa kingine. Mafundi wakafurahi, wajinga wale, wakaleta. Ikawa ghala linajaa, na panya wa Sultani wakanenepa kuliko mafundi.

Ilipofika siku ya kudai, ndipo ikajulikana kazi ya Waziri Mselemu. Mhunzi alileta nyundo iliyovunjika. Waziri akamwambia, "Hii imevunjika kwa kugonga. Dhamana ya Sultani ni ya nyundo iliyovunjika imetulia."

Seremala akalia kuwa tezo lake limeibwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimelala, bwana."

"Basi mwizi wako ni usingizi. Kamdai huyo."

Watu wa baraza wakacheka, maana walikula mtama uleule.

Ikawa zamu ya Vuai kinyozi, fukara asiyekuwa na kitu ila wembe, na wembe wenyewe umeibwa. Mkewe Mize alikwisha kuazima unga mtaa mzima, na sasa watu walifunga milango wakimwona anakuja. Vuai akaingia barazani, akainama.

"Bwana wangu, wembe wangu umeibwa."

Waziri akamnong'oneza Sultani, naye Sultani akanena, "Nani aliyeona?"

"Mwizi, bwana."

"Ushahidi wa mwizi haukubaliwi. Sisi hulipa wizi tuliouona kwa macho yetu haya. Nenda ukaibiwe mbele yetu, kisha udai."

Baraza likaangua kicheko. Vuai naye akacheka, akasema, "Sultani amehukumu," akaenda zake.

Sasa, Pangwe walikuwa na mila yao: kichwa kilichoanzwa na kinyozi mmoja hakiguswi na mwingine wala na wembe wa kinyozi mwingine, kwani anayekimalizia hupata nuksi. Na kila Idi, Vuai ndiye aliyemnyoa Sultani kipara barazani kabla ya kwenda kuswali.

Asubuhi ya Idi Vuai akaja na wembe aliouazima kwa shemeji yake. Akanyoa upande wa kulia mpaka ukang'aa kama sufuria mpya. Alipofika utosini, Mize akaingia, akasalimu kwa adabu, akauchukua wembe mkononi mwa mumewe, akatoka. Walinzi wakampisha, wakidhani ametumwa.

"Endelea," akasema Sultani.

"Kwa kitu gani, bwana? Wembe umeibwa. Je, umeona?"

Sultani akajipapasa kichwa. Upande huu ngozi, upande huu msitu. Akaamuru waletwe vinyozi wengine. Wakaja, wakakitazama kile kichwa, wakarudi nyuma.

"Mimi nina watoto, bwana," akasema mmoja.

"Vaa kilemba, bwana," Waziri akashauri.

"Kilemba kitafunika kichwa," akasema Vuai, "lakini midomo ya hawa waliokaa hapa utaifunika kwa kilemba gani?"

"Na nikikukata kichwa wewe?"

"Ni haki yako, bwana. Ila kichwa changu kikiwa peke yake hakijui kunyoa."

Nje watu walikwisha kujipanga, wanamngoja Sultani wao. Sultani akajipapasa tena, kisha kicheko kikamtoka asipende, hata machozi yakamlenga.

"Nimeona, Vuai. Kwa macho yangu haya nimeona."

Akaamuru ghala lifunguliwe. Mhunzi akapata nyundo, seremala akapata tezo, kila aliyefukuzwa akapewa chake na mtama wake juu. Vuai akapewa wembe mpya wenye mpini wa pembe, akaujaribu palepale kwa upande wa kushoto wa Sultani, ukakata vizuri.

Alipomaliza, Sultani akageuka. "Mselemu, keti hapa. Vuai, mnyoe huyu upande mmoja tu, kisha nenda kwako ukale Idi."

Vuai akamnyoa, akafuta wembe, akaaga. Na Waziri akatoka kwenda kuswali, akichagua safu ya nyuma kabisa, na watu wote wa Pangwe wakageuza shingo kumtazama.

Hapo ndipo nilipokishusha. Asiyeridhika na abebe chake.