Nati Iliyozunguka Mara Tatu

Palikuwa na fundi wa magari. Jina lake halituhusu, maana mkilijua mtasema "kumbe ni yule," halafu mtakaa hapo kwenye mabenchi mkidhani maneno haya ni ya yule.

Fundi huyu alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Akirudisha gurudumu, hakukimbilia spana. Kila nati aliianza kwa vidole, akiizungusha taratibu na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Ikifika nane ndipo anachukua spana. Isipofika, anaivua na kutafuta kasoro. Binti yake wa pekee alijifunza hesabu hapo hapo gereji, amekaa juu ya tairi bovu. Alipopelekwa shule alikuwa anajua mpaka nane. Tisa aliikuta kwa mwalimu.

Binti akakua, akaolewa, akazaa. Mtoto akapangiwa kubatizwa Jumapili. Sasa Jumamosi asubuhi mkwewe fundi, yaani baba yake yule mume, akaingia gereji na gari lake. Ndilo litakalombeba binti na mtoto kushuka mlima kuja kanisani.

Mzee yule alikuwa amevalisha gari ringi mpya, pana, zinang'aa kama sufuria ya bi harusi. Lakini za nyuma zilikuwa zinakwaruza kwa ndani. Kwa hiyo alikuja na visahani viwili vinene vya chuma, vina matundu. Huko gereji wanaviita spesa. Kinakaa katikati, kati ya gari na gurudumu, ili gurudumu lisogee nje na gari lionekane limetanua miguu. Mtu ana miaka sitini na minne, magoti yanalia akipiga magoti kusali, anataka gari litanue miguu!

"Mkwe," akasema, "nifungie hivi. Nataka kesho wakituona wajue babu kafika."

Fundi akakipokea kisahani, akakipima kwa kidole. "Mkwe wangu, hiki ni kinene. Kikikaa hapa kitameza bolti karibu yote, na nati haitakuwa na pa kushika. Hivi vinataka bolti ndefu, na mimi sina. Zinatoka mjini, zitafika Jumanne."

"Jumanne mtoto atakuwa Mkristo wa siku mbili. Funga."

Nanyi mnajua desturi zetu. Mkwe haambiwi hapana mara mbili. Ya kwanza ni ushauri, ya pili ni tusi. Tena binti yuko kwenye nyumba ya mzee huyo, anakula humo, analala humo. Baba akibishana huku, uchungu utakwenda kutiwa kwenye sahani ya binti kule. Fundi aliyawaza hayo yote. Sisemi alikuwa mjinga.

Akafunga. Akapachika kisahani, akaweka gurudumu, akashika nati ya kwanza kwa vidole. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu." Ya nne haikuja. Nati ilikuwa imeng'ata ncha tu ya bolti, kama mtoto asiye na meno anavyong'ata muwa. Nati ya pili nayo ikaishia tatu. Ya tatu, tatu. Lakini hizo hakuzihesabu kwa sauti tena. Alihesabu moyoni.

Kisha akachukua spana. Akakaza mpaka spana ikagoma. Hapo ndipo nataka mnisikilize. Nati iliyozunguka mara tatu, ukiikaza kwa spana, mkononi unaisikia sawasawa na iliyozunguka mara nane. Inagoma vile vile, inalia vile vile. Spana haijui urefu wa bolti. Anayejua ni aliyehesabu.

"Imekaza?" mzee akauliza.

"Imekaza, mkwe."

"Sasa ulikuwa unanitishia nini?"

Je, alisema uongo? Hapana. Aliulizwa kama imekaza, na ilikuwa imekaza. Hakuulizwa kama imeshika.

Jumapili fundi alikuwa kanisani mapema, shati jeupe, amekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kila gari likilia nje anageuza shingo. Kwaya ikaimba, ikarudia, ikaishiwa.

Kule mlimani, mzee alikuwa anateremka na usukani kwa mkono mmoja, binti na mtoto wako nyuma. Kwenye kona akaona gurudumu linampita upande wa kulia, linateremka lenyewe, linang'aa. Akacheka. "Tazama, kuna mwenzetu kapoteza gurudumu!" Hajamaliza kucheka, gari lake likakaa chini upande mmoja, likakwangua lami, likaingia mtaroni.

Fundi aliletewa habari, akapanda mlima mbio na shati lake jeupe. Akamkuta mkwewe amesimama kando ya barabara na nundu kwenye paji la uso, anapiga kelele: "Ni Shetani huyu! Hakutaka mtoto abatizwe!" Mtoto hakuguswa. Mama yake alikuwa amemkumbatia, na mkono wake wa kushoto ulivunjika kwa kumkinga.

Binti hakuwa anamsikiliza mzee. Alikuwa anatazama pale gurudumu lilipotoka. Bolti zilikuwa nzima kabisa, isipokuwa ncha. Ncha zimelika.

"Baba," akasema, "ulifunga wewe?"

"Nilifunga mimi."

"Ulihesabu ngapi?"

Fundi akatazama chini. "Tatu."

Akanyoosha mikono ampokee mjukuu, maana mama mwenye mkono uliovunjika atambeba vipi? Binti akageuka. Akampa mtoto baba mkwe wake, yule yule mzee wa kutanua miguu.

"Yeye hakujua," akasema.

Nimewaona mlivyomcheka mzee wa ringi. Chekeni, anastahili. Lakini sikusimama hapa kwa ajili yake. Wapumbavu wa kutanua magari wako wachache, na gurudumu litawafundisha. Nimekuja kwa ajili yetu sisi tunaohesabu.

Sisi tumekaa na bwana harusi tunayemjua mkono wake ulivyo mwepesi wa kupiga, tukapika pilau, tukapiga vigelegele. Tukaulizwa, "Kijana ni mzuri?" Tukasema, "Kijana wa watu, anasali." Imekaza. Sisi tumemchagua mzee wa kanisa tukijua nyumbani kwake watu hunyamaza akibisha hodi. Imekaza, Bwana asifiwe. Kikitokea cha kutokea, tunakuja na uji na khanga mpya, tunakaa mkekani na kusema, "Mimi nilimwambia." Ulimwambia mara ngapi? Mara moja, tena ukitazama pembeni.

Usinitajie heshima. Heshima ya fundi ilivunja mkono wa binti yake mwenyewe. Mkwe angenuna mwaka mzima, na mwaka ungekwisha.

Kesho mtu atakuuliza, "Imekaza?" Usimjibu hilo. Mwambie ulihesabu ngapi. Mwambie kwa sauti.